Usiku jivu lilipozaa moto

Mwanangu wa pili ana kawaida ya kuamka usiku kwenda msalani, na kwa kawaida hiyo sote tuko hai. Ilikuwa majira ya baridi yetu ya tatu katika nyumba ile, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa nane na dakika chache. Alikuja upande wangu wa kitanda, akanigusa bega, akasema kwa sauti ya mtu ambaye usingizi haujamtoka, "Mama, kumekucha."

Nikamwambia arudi kulala, bado ni usiku. Hakuondoka. "Kumekucha, Mama. Dirisha lina rangi."

Niliinuka ili nimrudishe kitandani tu. Nilipofika kwenye korido nikaona mwanga wa rangi ya chungwa ukicheza kwenye kioo cha dirisha la msalani, na papo hapo nikaitambua harufu ambayo nadhani nilikuwa nimeivuta kwa muda bila kuijali: plastiki inayoungua. Kibaraza chetu cha nyuma ni cha mbao. Kona yake moja ilikuwa imeshika moto, na ndimi zilikuwa zimekwisha kupanda ukutani kuelekea dirisha la jikoni. King'ora cha moshi kilikuwa kimya, kwa kuwa moshi wote ulikuwa nje na upepo ulikuwa ukiuchukua.

Nikapiga kelele. Mume wangu akakimbilia chumba cha binti yetu mkubwa, mimi nikambeba mdogo aliyekuwa na miaka minne, nikamshika yule wa pili mkono, tukatokea mlango wa mbele. Baridi ilikuwa kali na watoto walikuwa miguu mitupu, basi nikavuka nao moja kwa moja hadi kwa jirani, nikagonga mlango ili wapate mahali pa kujistiri na mimi nipate simu ya kupigia zimamoto. Mume wangu alitoka nusu dakika baadaye na binti mkubwa. Akatazama uani, hakutuona. Akatazama barabarani, hakutuona, maana tulikuwa nyuma ya ua wa jirani. Akamwambia binti asimame pale asisogee, akarudi ndani kumtafuta mdogo.

Nilimwona kutoka kizingitini kwa jirani. Niliona mgongo wake ukiingia kwenye mlango uliokuwa ukitoa moshi, na mtoto anayemtafuta nilikuwa nimempakata. Nilimwita kwa nguvu zangu zote lakini hakusikia, kwa sababu wakati huo kioo cha jikoni kilikuwa kimepasuka, moshi umeingia korido, na king'ora kilikuwa kimeanza kulia. Alikwenda kwa kutambaa hadi chumba cha mdogo, akapapasa kitanda, akapapasa chini ya kitanda, akafungua kabati. Kisha akatoka kwa kupitia dirishani, akianguka na kukohoa. Moto ulizimwa. Tulipoteza kibaraza, jiko na paa la upande mmoja. Lakini ile dakika moja niliyomwita naye hasikii, hiyo bado huniamsha usiku mpaka leo.

Asubuhi ilipoanza kupambazuka, afisa mmoja wa zimamoto alinifuata. Alikuwa mtu mzima, mpole. Swali lake la kwanza halikuhusu umeme wala gesi.

"Mama, majivu ya jiko lenu la kuni huwa mnayaweka wapi?"

Nikamwonyesha palipokuwa na ndoo. Hakukuwa na ndoo tena, kulikuwa na bonge la plastiki lililoyeyuka likagandamana na mbao nyeusi.

"Yalikuwa yamepoa, afande," nikasema. "Niliyagusa kwa mkono wangu."

"Uligusa juu," akasema.

Nilikuwa nimeyazoa asubuhi ya Jumamosi. Jiko lilikuwa limelala tangu usiku wa Ijumaa, jivu lilikuwa la kijivu, laini, baridi kama unga. Niliweka kiganja juu yake, nikaridhika, nikalimimina kwenye ndoo na kuiacha kibarazani karibu na ukuta, kando ya rundo la majani makavu ambayo nilikuwa nimeyafagia wiki mbili nyuma na sikuwahi kuyaondoa. Mchana kutwa hapakuwa na lolote. Usiku upepo ukaamka.

Yule afisa alinieleza kwa maneno machache, na baadaye nimeyafuatilia mwenyewe kwa sababu sikuweza kuacha. Jivu ni blanketi. Halipitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo kaa lililofukiwa ndani yake halipoi upesi. Tena jivu huzuia hewa, kwa hiyo kaa haliwaki, linakula kidogo kidogo kama mtu anayejua kwamba chakula hakitoshi. Kaa namna hiyo linaweza kukaa hai siku nzima, siku mbili, hata siku nne. Juu utaona kijivu na utahisi baridi. Upepo ukija ukapeperusha lile blanketi, hewa inafika, na kaa linaendelea pale lilipoishia.

Jambo linalonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nayajua haya. Bibi yangu alipika kwa kuni maisha yake yote, na kila usiku kabla ya kulala alivuta makaa pamoja, akayafukia kwa jivu. Alikuwa akisema ameulaza moto. Asubuhi alifukua, akaweka vijiti vyembamba, akapuliza mara tatu, moto ukaamka. Nilimwona akifanya hivyo mamia ya mara. Niliijua kazi ya jivu kabla sijajua kusoma. Lakini nilipokuwa na nyumba yangu na jiko zuri la chuma lenye mlango wa kioo, jivu likawa kwangu uchafu wa kuzoa, na sikukumbuka kwamba nilichokibeba kwenye ndoo ya plastiki ni kile kile alichokitumia bibi kuhifadhi moto hadi asubuhi.

Tunasema moto huzaa jivu, kwa maana kwamba mtu mkali anaweza kuzaa mtoto baridi. Usiku ule niliona kwa macho yangu jivu likizaa moto, na tangu hapo methali ile hainipiti masikioni bila kunigusa.

Nilisoma pia habari za moto mkubwa wa London wa mwaka 1666. Ulianza usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, mwishoni mwa kiangazi kikavu, katika nyumba ya mwoka mikate aitwaye Thomas Farriner kwenye mtaa wa Pudding Lane. Baadaye, mbele ya wachunguzi, Farriner alisisitiza kwamba usiku ule alikuwa ameukagua moto wake kabla ya kulala. Yeye na familia yake walitoroka kupitia dirisha la juu, lakini mtumishi wao wa kike aliogopa kupita, akafia mle. Moto ule uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Watu wengi humsoma Farriner kama mtu aliyejitetea tu. Mimi ninamwamini kwamba alikagua. Nami nilikagua. Tulikagua kwa jicho na kiganja, na makaa yalikuwa chini ya hapo.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa kila mtu anayewasha kitu ndani ya nyumba ili apate joto. Msimu wa baridi hatari nyingi hazina mwonekano wa hatari. Jivu ni baridi ukiligusa. Waya ni mweupe na safi. Gesi inayoua haina rangi wala harufu. King'ora kilichokufa kinaning'inia darini sawasawa na kilicho hai. Hisia zetu, ambazo mchana na kiangazi zinatutosha, msimu huu hazitoshi.

Tuanze na hiyo gesi, maana kabla ya moto ule ilikuwa imenipitia mara moja, miaka mingi nyuma, nami sikujifunza vya kutosha. Tulikuwa wasichana wawili, mimi na dada yangu, tumepanga chumba kimoja kisicho na chochote cha kukipasha joto. Usiku mmoja wa baridi tuliingiza jiko la makaa. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, hayatoi moshi hata kidogo, na tuliamini kwamba pasipo moshi hapana shida. Tulifunga mlango na dirisha, tukaziba kwa nguo uwazi wa chini ya mlango. Baada ya saa moja kichwa kikaanza kuniuma kwenye paji. Dada akasema naye kinamuuma, tena anahisi kichefuchefu. Tukadhani ni homa inatuingia sote wawili. Nilitoka kwenda chooni, ambacho kilikuwa nje, nikakaa dakika kadhaa, kichwa kikapungua. Nikarudi ndani, kikarudi. Nikatoka tena, kikapungua. Mara ya pili ile ndiyo iliyonishtua. Niliingia nikamkuta dada amelala, namwita anaitika kwa taabu, nikamburuta hadi uani. Alitapika, akalia, akapona. Kama ningelala kabla ya kwenda chooni, tusingeamka.

Ile ilikuwa kaboni monoksaidi. Hutokea popote kitu chenye kaboni kinapoungua bila hewa ya kutosha: makaa, kuni, mafuta ya taa, gesi ya kupikia, petroli ya jenereta. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa huitoa kwa wingi. Ikiingia kwenye damu hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo unavuta pumzi vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Mtu anadhani ni mafua au chakula. Tofauti yake ni ile niliyoiona bila kujua: ukitoka nje inapungua, ukirudi inarudi, na watu wote wa nyumba, hata mbwa, wanaumwa kwa pamoja. Ukiona hivyo toka na wote walio ndani, acha kila kitu, kisha piga simu ya dharura na mkapimwe hospitali hata kama mnajisikia vizuri.

Jiko la makaa halilali chumbani. Sitaki kulipunguza makali neno hili. Si kwa dirisha lililofunguliwa kidogo, si kwa nusu saa tu, si kwa sababu umeme umekatika na kuna mtoto mchanga. Jenereta nayo iwe nje, mbali na milango na madirisha, wala si kwenye gereji iliyoachwa wazi. Hata ndoo ya majivu haiwekwi ndani ya gereji, kwa sababu yale makaa yaliyolala mle ndani bado yanaitoa gesi ile ile. Leo nyumbani kwetu kuna king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala, na nikienda kulala kwa watu wanaotumia jiko la kuni au hita ya gesi nauliza kama wanacho. Wengine hunishangaa. Nauliza tu.

Turudi kwenye nyumba. Ilipokarabatiwa, kabla hatujawasha tena jiko, tulimwita fundi wa kusafisha dohani, lile bomba la kutolea moshi. Alipanda na brashi yake, akashuka na kipande cha kitu cheusi kinachong'aa kama lami iliyokauka, kinene kama kidole. Akaniuliza tunachoma kuni gani. Nikamwambia za yule anayetuletea, zilizokatwa karibuni, mbichi kidogo lakini zinawaka. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba moto wa kibarazani ulitutangulia tu, dohani nayo ilikuwa inasubiri zamu yake.

Kuni mbichi ina maji mengi. Moto unatumia nguvu yake kwanza kuyachemsha hayo maji, jiko linabaki na joto dogo, na moshi unapanda ukiwa mzito na uvuguvugu. Ukikutana na kuta baridi za dohani huganda hapo, tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa huo utando mweusi. Utando huo unawaka. Siku moto mkali wa jiko utakapoufikia, dohani nzima inageuka tanuri, na joto linaweza kuvuka nyuzi 1,000 za Selsiasi. Waliowahi kusikia wanasema hunguruma kama ndege kubwa inayopita juu ya nyumba. Matofali hupasuka, na mbao zilizo nyuma ya ukuta hushika bila mtu kuona.

Tangu siku hiyo kuni zetu za baridi hii tunazinunua baridi iliyopita. Tunazipasua, tunazipanga juu ya fito zisiguse ardhi, tunafunika juu na kuacha pembeni wazi upepo upite, na kuziacha miezi sita kwa uchache, zile ngumu mwaka mzima au zaidi. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 20 zimekuwa tayari. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unyevu na sisi tunacho, lakini mume wangu hupenda kugonga vipande viwili pamoja: kuni mbichi hutoa sauti ya kuzima, kavu hulia kama marimba. Vichwa vyake huwa na nyufa, na gome hubanduka kwa mkono. Fundi wa dohani anakuja kila mwaka, mwanzoni kabisa mwa majira ya majani kupukutika, kabla kila mtu hajamkumbuka.

Majani yenyewe siku hizi sifagii tu kuyaweka pembeni. Yanaondoka siku ile ile. Kwenye mifereji ya paa tunayatoa mara mbili msimu huo, maana majani makavu yaliyojaa mferejini ni utambi uliolazwa kuzunguka paa zima, na cheche moja kutoka dohani inatosha. Mdomo wa dohani umewekewa wavu wa chuma wa kunasa cheche. Kuni zilizopangwa nje ziko mbali na ukuta, na ni kiasi cha siku moja tu kinachoingia ndani.

Hita ya umeme tunayo moja, na ninaiogopa kuliko jiko. Ile ya kwetu inakula wati 2,000. Miaka ya nyuma tulikuwa tukiichomeka kwenye ekstensheni pamoja na taa na chaja za simu, na waya wa ekstensheni nilikuwa nimeuviringa vizuri na kuuficha chini ya zulia ili watoto wasijikwae. Nilijiona mwenye utaratibu. Siku niliyouvuta kwa ajili ya kusafisha, zulia lilikuwa na alama ya kahawia chini yake, mviringo kamili wa ule waya, na plagi nilishindwa kuishika kwa jinsi ilivyokuwa ya moto. Waya unaopitisha umeme mwingi hupata joto, na ukiviringwa au kufunikwa joto halina pa kutokea. Sasa hita inaingia kwenye soketi ya ukutani peke yake, na hakuna kitu kinachoungua ndani ya mita moja kutoka ilipo: si pazia, si kochi, si soksi zilizowekwa hapo dakika mbili zikauke. Tukienda kulala inazimwa na kuchomolewa. Mablanketi yapo kwa kazi hiyo.

Mishumaa nimeifuta kabisa, umeme ukikatika tunatumia taa za betri. Mashine ya kukaushia nguo tunasafisha chujio la nyuzinyuzi kila baada ya matumizi, maana msimu wa baridi inafanya kazi mara mbili, na zile nyuzi zinashika moto kwa urahisi wa pamba.

Kuhusu ving'ora vya moshi nina la kukiri. Kile kilicholia usiku ule kilikuwa karibu na jiko, na ndicho pekee kilicholia. Kile cha korido ya vyumbani hakikutoa sauti kabisa, na korido ilikuwa imejaa moshi. Afisa alikitungua darini, akakigeuza, akanionyesha tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa mgongoni. Kilikuwa na miaka 13. Vifaa hivi huchakaa ndani hata kama betri ni mpya, na vinatakiwa kubadilishwa vikifika miaka 10. Mimi nilikuwa nabadilisha betri na kujisifu moyoni. Sasa kila chumba cha kulala kina chake, na korido, na kila ghorofa, na vimeunganishwa: kimoja kikisikia moshi vyote vinalia. Siku ya kwanza ya kila mwezi tunabonyeza kitufe. Binti mkubwa ndiye mwenye kazi hiyo na hajawahi kusahau.

Lakini jambo ambalo sikulitegemea lilijitokeza tulipofanya zoezi la usiku. Tuliwaambia watoto kwamba usiku mmoja wiki ile tutabonyeza king'ora, na wao waamke, watambae hadi mlangoni, watoke. Saa nne na nusu usiku tukabonyeza. Binti mkubwa akatoka. Wa pili akatoka. Mdogo akaendelea kulala. King'ora kinalia juu ya kichwa chake, sauti inayoumiza meno, naye amegeuka upande wa pili tu. Mume wangu na mimi tulitazamana. Baadaye nikasoma kwamba si yeye peke yake, watafiti wamelithibitisha: watoto wengi wadogo hawaamshwi na sauti ile kali na nyembamba, usingizi wao ni mzito kuliko wetu. Kwa hiyo nyumbani kwetu kila mtoto ana mtu mzima wake. Mume wangu ana wawili wakubwa, mimi nina mdogo. Hakuna kubahatisha, hakuna kuuliza nani amemchukua nani.

Na tuna mahali. Ni nguzo ya taa iliyo ng'ambo ya barabara. Haijalishi baridi, haijalishi miguu mitupu, hakuna kwenda kwa jirani kabla ya kufika pale na kuhesabiwa. Tukishatimia watano, hakuna anayerudi ndani, kwa ajili ya kitu chochote. Mume wangu alinunua sanduku la plastiki, akaliweka chini ya kichaka karibu na nguzo, ndani yake mna mablanketi na kandambili za watoto. Nilipoliona mara ya kwanza nilishindwa kusema neno.

Milango ya vyumba tunalala tumeifunga. Hili nililipinga mwanzoni, nilitaka niwasikie watoto. Nilibadilisha mawazo baada ya kuona majaribio ya watafiti wa UL, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa moto, waliochoma nyumba nzima wakapima joto chumba kwa chumba. Chumba ambacho mlango ulikuwa wazi kilivuka nyuzi 500 za Selsiasi. Kilichofungwa, katika nyumba hiyo hiyo inayoungua, kilibaki chini ya nyuzi 40, na hewa yake bado ilivutika. Mlango wa kawaida wa mbao, bila kufuli maalumu, bila chochote. Nyumba za leo zimejaa sponji na plastiki zinazoungua haraka mno, na dakika za kutoka hazizidi tatu au nne. Mlango uliofungwa unaongeza chache. Nilikumbuka kwamba usiku ule mume wangu aliweza kufungua kabati na kutafuta chini ya kitanda kwa sababu mdogo alikuwa analala mlango umerudishwa, moshi haukuwa umejaa mle.

Jivu sasa lina ndoo yake. Ni ya chuma, ina mfuniko wa chuma unaobana, na inakaa juu ya zege katikati ya uwanja, mita zaidi ya tatu kutoka nyumba, kibaraza, ua na mti wowote. Ninazoa kwa sepetu ya chuma, situmii mashine ya kufyonza vumbi hata jivu likionekana poda tupu. Nafunika, nabeba nje, naliacha siku nne. Halafu namwagia maji, taratibu, nimesimama upande unakotoka upepo.

Wiki iliyopita mwanangu wa pili, yule yule, alinifuata nje siku ya kumwagia. Jivu lilikuwa limekaa tangu Jumatatu na ilikuwa Ijumaa. Alifunua mfuniko, akaniambia limekufa kabisa hili, Mama, tazama, na akaweka kiganja chake juu kama nilivyofanya mimi. Nikampa kopo la maji. Akamimina polepole, jivu likanywa, likazama, likawa uji. Tulikuwa tunakaribia kuondoka. Kisha chini kabisa ya ndoo, upande mmoja, ikasikika sauti ndogo, "shhh", na kamvuke kembamba kakapanda.

Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akaniomba kopo la pili.